Uwekevu wa Safari Ndefu

Uwekevu ni sifa ambayo kila mtu huipenda kwa mwenziwe. Baba huupenda kwa mwanawe, tajiri huupenda kwa mtumishi wake, na raia huupenda kwa serikali yake. Lakini mmoja wao akitakiwa autende mwenyewe, huona uzito. Yamkini ndiyo sababu walimwengu wamejaribu kuuhamisha uwekevu kutoka katika tabia ya mtu na kuutia katika chombo, ili chombo kipate taabu ya kujinyima na mtu abaki na heshima yake. Ni vigumu kutaja chombo kilichotwikwa mzigo huu waziwazi kuliko gari la haibridi linalochomekwa umeme, na ni vigumu kutaja mahali ambapo mzigo huo humrudia mwenye gari upesi kuliko katika safari ndefu. Yafaa basi kuuliza kama uwekevu waweza kuwa sifa ya chombo, au ni sifa ya mtu tu. Na kama ni ya mtu, ni nani anayemdai.

Gari la namna hii lina nguvu mbili. Ya kwanza ni injini ya petroli kama ya magari mengine. Ya pili ni mota ya umeme, ambayo hulishwa na betri kubwa, na betri hiyo mwenye gari huijaza kwa waya uliochomekwa ukutani. Mfano unaofaa ni Chevrolet Volt, iliyoanza kuuzwa Marekani Desemba 2010 na kukoma kutengenezwa Februari 2019. Nyingi zingali barabarani hata leo. Betri ya toleo la kwanza ilikuwa ya kilowati-saa 16, ambazo gari lilijiruhusu kutumia kama 10 tu ili betri isichakae mapema. Kwa kiasi hicho gari lilihesabiwa kwenda kilomita 56 bila tone la petroli. Umeme ukiisha, injini huamka, na tangu hapo gari hula kama lita 6.4 kwa kila kilomita 100.

Kwa mtu anayeishi mjini, ambaye kazi yake iko kilomita 15 kutoka nyumbani, sifa ya gari hili ni rahisi kama kupumua. Huenda, hurudi, huchomeka waya, hulala. Majuma hupita asiione pampu ya petroli. Mtu huyu hana budi kuwa mnyenyekevu kidogo anapojisifu, maana hajajaribiwa: gari lilipimwa likalingana na siku yake, kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Jaribio huja siku anapokusudia kwenda mbali. Hapo betri ni kibaba mbele ya wageni mia, na kila neno lililosemwa juu ya uwekevu wa gari huulizwa upya.

Ichukuliwe safari ya kutoka Denver mpaka Grand Junction, katika jimbo la Colorado, kwa barabara kuu ya 70. Urefu wake ni karibu kilomita 390. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, na Grand Junction iko karibu mita 1,400. Kwa hesabu ya karatasi, basi, safari nzima ni mteremko wa mita 200. Ardhi yenyewe haisomi karatasi. Kati ya miji hiyo imesimama Milima ya Rocky, na barabara hupanda kwa karibu kilomita 95 mpaka handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, ambalo liko kama mita 3,400 juu ya bahari. Kisha hushuka, hupanda tena kwenye njia ya Vail yenye kimo cha mita 3,250, ndipo huteremka polepole kuufuata mto Colorado kuelekea magharibi.

Gari la namna hii, pamoja na abiria na mizigo, huwa na uzito wa kilo 1,900 hivi. Kuuinua uzito huo kutoka Denver mpaka handakini, bila kuhesabu upepo wala msuguano wa tairi, hutaka zaidi kidogo ya kilowati-saa 9. Kwa maneno mengine, mlima peke yake huweza kudai karibu akiba yote ya betri, hata kabla barabara haijadai haki yake. Dereva asiyejua jambo hili huanza safari kwa furaha. Gari lina umeme, umeme ni kimya na ni rahisi, basi hukanyaga mafuta na kuumaliza wote katika nchi tambarare na vilima vya mwanzo. Akifika kwenye mwinuko mkali, hana kitu. Injini ya toleo lile la kwanza ina nguvu ya kilowati 63 tu, na hewa ya huko juu imepungua uzito kwa zaidi ya robo, hata injini nayo hutweta kama mwanadamu. Gari hupunguza mwendo lenyewe, injini hunguruma kwa sauti ya kulalamika, na malori hujaa katika kioo cha nyuma.

Waundaji walikuwa wameliona jambo hili tangu mapema, wakaweka njia ya kuendesha waliyoiita ya mlimani. Dereva akiichagua, gari hulinda sehemu ya akiba ya betri na kuiacha injini ichukue kazi ya tambarare, ili mlima unapofika mota iwe na cha kuisaidia injini. Sharti lake ni moja: huchaguliwa kabla ya mlima. Akiichagua akiwa tayari kwenye mwinuko, na betri imekwisha, hupata faida ndogo, kwa sababu injini iliyoelemewa haina ziada ya kuweka. Nahodha wa jahazi aliijua hukumu hii bila kuona betri. Maji ya kunywa hupimwa siku ya kwanza, tangi lingali limejaa na mabaharia wanacheka. Anayengoja mpaka tangi lisikike tupu hapimi tena maji, hupima kiu.

Kwa sababu hiyo wako madereva ambao, wakisha kuonywa juu ya ubadhirifu, hukimbilia upande wa pili. Matoleo ya Volt ya tangu mwaka 2013 yalikuwa na uwezo wa kushikilia umeme wote uliopo na kwenda kwa petroli tu mpaka dereva atakapoamua vingine. Mtu hutoka Denver na betri iliyojaa, huishikilia kwa moyo wote kama bahili ashikavyo ufunguo, hupanda mlima wote kwa petroli, na kufika kileleni akiwa na akiba yake kamili. Kisha barabara huanza kushuka. Kutoka handakini mpaka bonde la Dillon ni mteremko wa mita 650 hivi, na uzito ule ule wa kilo 1,900 unaposhuka kimo hicho huachia zaidi ya kilowati-saa 3. Upepo na tairi huchukua fungu lao. Linalobaki mota ingeweza kulipokea, kwani ikigeuzwa na magurudumu huwa kama mtambo wa kutoa umeme. Lakini italiweka wapi? Betri imejaa. Zawadi ya mlima hupotea kuwa joto na kelele, kwa kuwa mpokeaji alikuja na mikono iliyojaa.

Waswahili husema akiba haiozi. Methali hiyo ni ya kweli ghalani, na ni ya kweli katika mifuko ya watu wengi. Mlimani ina upungufu. Akiba isiyoacha nafasi ya kupokea haiozi yenyewe, bali huozesha kile kilichokuwa kije. Dereva mwenye busara hutaka kufika kileleni akiwa amebakiwa na kidogo: kiasi cha kumwepusha na aibu ya mwinuko wa mwisho, na si zaidi ya hapo. Hesabu hii haiwezi kufanywa na mtu anayelitazama gari tu. Hutaka kuijua njia iliyo mbele, mahali inapopanda na inaposhuka, na pia kujua mwisho wake una nini. Akifika mji mwenye waya wa kuchomeka, kila umeme aliofika nao bila kuutumia ni petroli aliyoichoma bure njiani. Akifika mji usio na waya, huo huo umefaa kwa kesho.

Iko dhana nyingine inayowapendeza wapenda vitufe, nayo ni kuiamuru injini iijaze betri wakati gari linakwenda. Baadhi ya magari, kama Mitsubishi Outlander, yana kitufe cha kazi hiyo. Petroli hugeuzwa mwendo, mwendo hugeuzwa umeme, umeme huwekwa betrini, hutolewa tena, hugeuzwa mwendo. Na katika kila mlango bawabu huchukua ushuru wake. Iwapo dereva yuko karibu kuingia mjini, au ana mlima mbele na hana kitu, ushuru huo waweza kuwa na sababu. Akifanya hivyo kutwa nzima kwenye barabara tambarare, hana tofauti na mtu anayekopa kwa riba ili apate cha kuweka benki.

Mpaka hapa dereva anaweza kudhani kwamba siri yote iko katika kupanga umeme: utumike lini, uwekwe lini. Ni fikira tamu, kwa maana inaufanya uwekevu uwe mchezo wa akili, na akili hufurahia kuchezeshwa. Hesabu ndogo huupunguza utamu huo. Katika safari ya kilomita 390, betri iliyojazwa Denver huchukua mahali pa petroli ya kilomita 56, yaani kama lita 3.6. Huo ndio upeo wa hazina yake. Kilomita 334 zilizobaki hutaka lita 21 na zaidi, upange upangavyo. Mipango yote ya vitufe huhangaikia sehemu ya zile lita 3.6, yaani tofauti kati ya umeme uliotumika mahali pake na umeme uliotumika ovyo.

Upepo, kwa upande wake, haujali kitufe. Nguvu ambayo hewa hulizuia nayo gari hukua kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa huzuiwa kwa nguvu inayozidi kwa asilimia 44 ile ya gari linalokwenda kilomita 100. Na kwa kuwa katika mwendo wa barabara kuu upepo hula zaidi ya nusu ya nguvu inayofika magurudumuni, kushuka kutoka 120 mpaka 100 huokoa, kwa makadirio ya chini, lita 15 katika kila 100. Katika lita 21 za safari hii, hizo ni lita 3 na zaidi. Mguu uliotulia, basi, ni kama betri ya pili, isiyo na uzito, isiyonunuliwa dukani, na isiyochakaa. Upepo wa tairi ukiwa kamili, mzigo wa juu ya paa ukiondolewa, na chumba cha gari kikipashwa moto asubuhi ya baridi kingali kimechomekwa ukutani, faida huongezeka. Lakini hayo ni mambo ya mara moja. Mguu hutakiwa utulie kila dakika.

Bei ya utulivu huo inajulikana. Kama barabara ingeruhusu mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, safari ya kilomita 390 kwa mwendo wa 120 ingechukua saa 3 na dakika 15, na kwa mwendo wa 100 ingechukua saa 3 na dakika 54. Dakika 39 hununua lita 3. Hapa ndipo penye swali la maadili lenyewe, na vitufe vyote vilikuwa vikilificha. Watu wengi walio tayari kusoma kurasa mia juu ya namna ya kuutumia umeme hawako tayari kutoa dakika 39. Wangependa kuokoa mafuta kwa ujanja, ambao haupunguzi kitu katika maisha yao, kuliko kwa subira, ambayo hupunguza. Haielekei kuwa ni wabaya kwa hilo. Lakini si haki waitwe wawekevu.

Mtu aweza kujibu kwamba mafuta ni yake, ameyanunua kwa jasho lake, na dakika ni zake vilevile. Mwingine ameingiaje kati? Jibu hili lina nguvu, wala halistahili kubezwa. Katika mambo mengi mtu aliyelipa bei amemaliza deni. Hapa hakumaliza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni moshi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ya kaboni, ambayo haikai juu ya shamba la aliyeichoma; huenda kwa watu ambao hawakupanda gari wala hawakulipwa. Ya pili ni ahadi. Magari haya hayakuuzwa kama magari tu. Kwa miaka mingi serikali kuu ya Marekani ilimpunguzia mnunuzi wa Volt kodi ya hadi dola 7,500, na Uingereza ilikuwa na ruzuku yake mpaka ilipoiondoa kwa magari ya aina hii mnamo Novemba 2018. Fedha hizo zilitoka kwa wananchi wote, pamoja na wapanda basi. Zilitolewa kwa sababu gari liliahidi kuchoma mafuta kidogo. Aliyeahidi ni kiwanda. Aliyepokea ni mnunuzi. Na anayeweza kuitimiza ahadi, siku baada ya siku, ni mguu na mkono wa dereva.

Kwamba ahadi hiyo haikutimizwa na wengi si siri tena. Mwaka 2018 iliripotiwa nchini Uingereza kuwa katika baadhi ya magari ya makampuni waya za kuchomeka zilikutwa zingali katika karatasi zake za dukani. Machi 2024 Tume ya Ulaya ilichapisha ripoti iliyotokana na vipimo vilivyomo ndani ya magari yenyewe, yaliyoandikishwa mwaka 2021. Magari ya kawaida ya petroli na dizeli yalizidi vipimo vya maabara kwa kama asilimia 20. Haibridi za kuchomekwa zilitoa kaboni mara 3.5 ya kiasi kilichoandikwa maabara. Tofauti kubwa hiyo haikutoka katika chuma. Maabara ilipima gari likiendeshwa na mtu aliyedhaniwa, ambaye huchomeka waya kila jioni na haendi mbali mara nyingi. Na mtu huyo ni adimu.

Wala haifai kuruka kutoka kosa hili hadi kumfanya mhesabu mafuta kuwa mtakatifu. Uwekevu nao una uchoyo wake. Wako wanaolifuata lori kwa ukaribu wa kutisha ili liwakingie upepo, wakiweka rehani maisha ya aliye nyuma yao kwa ajili ya kikombe cha petroli. Wako wanaojikokota katika njia ya kupitia wengine, hata gari kumi nyuma yao zinafunga breki na kuondoka tena, na petroli iliyookolewa na mmoja ikachomwa na kumi. Wako wanaozima joto la gari karibu na handaki lile, katika majira ya theluji, na mama mzee amekaa nyuma amejikunyata, kisha jioni wakatangaza kwamba wametumia lita 5. Tarakimu hiyo ni ya kweli, ila imeandikwa kwa baridi ya mtu mwingine. Na mtu anayempeleka mgonjwa asihesabu dakika hata moja. Uwekevu una haki ya kuomba kwa mtu kilicho chake. Hauna haki ya kuchukua kilicho cha jirani.

Kuna pia udanganyifu wa kipimo, mdogo lakini umeenea. Dereva hufika, husoma kwenye kioo kwamba ametumia petroli kidogo ajabu, naye huisoma tarakimu hiyo kwa sauti. Umeme haukuhesabiwa, kana kwamba ulinyesha. Huko Colorado sehemu ya umeme imekuwa ikitokana na makaa ya mawe, na jiko lake lina moshi kama jiko lolote. Umeme wa ukutani waweza kuwa bora kuliko petroli na bado ukawa na bei. Anayeuficha katika hesabu anajitia katika kundi la maabara ile ile.

Jioni dereva mwenye subira huingia Grand Junction amechelewa. Waliotoka Denver pamoja naye wamekwisha kula. Betri yake ina umeme kidogo aliouhifadhi, na mwingine ambao milima ilimrudishia alipokuwa akishuka kwa gia ya chini badala ya kukanyaga breki. Huutumia sasa katika mitaa yenye taa za kusimamisha magari, mahali ambapo injini ya petroli hupoteza zaidi. Mbele ya nyumba ya wageni hufungua buti na kuutoa waya, ambao umepauka kwa kutumika. Plagi iko ukutani, karibu na mlango, na kuijaza betri kwa plagi ya kawaida huchukua takriban usiku mzima. Umeme huo ni wa mwenye nyumba. Anauweka waya chini na kwenda kubisha hodi, aulize ni kiasi gani.